Bruno hana kiti

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Tumempima Bruno leo, mbwa wa Signora ninayemtunza. Kilo 12 na nusu, bila mkoba. Signora alimbeba kifuani akapanda naye mizani ya bafuni, kisha akapanda peke yake, tukatoa. Akaniambia rudia. Nikarudia. Ile ile.

Mashirika mengi, mbwa wa kukaa na abiria mwisho wake kilo 8. Mengine 10. Na hiyo ni pamoja na mkoba, na mkoba uingie chini ya kiti cha mbele. Bruno haingii hapo hata tumnyime chakula mwezi mzima. Uzito wake ni wa mifupa na kifua.

Signora hakusema kitu. Akamwekea maji. Mimi nikaendelea kupiga pasi.

Safari yetu ya Desemba, Malpensa mpaka Mombasa, ni saa nane na ushei angani. Nalifikiria hilo saa hizi badala ya kulala.

Jumanne, 7 Oktoba

Chini pia hawezi!

Nimepiga simu ofisi ya tiketi. Binti mpole, si kosa lake. Akaniuliza ni mbwa wa aina gani. Bulldog wa Kifaransa. Kimya, nasikia vidole vyake kwenye kompyuta. Hao hatuwapakii kwenye sehemu ya mizigo, akasema, pua zao fupi. Nikamwuliza: juu mzito, chini pua fupi, sasa apite wapi? Akasema anasikitika. Naamini alisikitika kweli.

Nimekaa na simu mpaka usiku nikisoma, na kwa hilo la pua siwezi kuwalaumu. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, joto lake hulitoa kwa kuhema. Mwenye pua iliyobinywa anahema kwa taabu hata akiwa juu ya zulia la kwao, mimi humsikia Bruno akikoroma kutoka jikoni. Akishikwa na hofu ndani ya kasha huhema zaidi, koo huvimba, hewa hupungua, joto hupanda. Mwaka 2010 serikali ya Marekani ilitoa hesabu ya mbwa waliokufa katika safari za ndege kwa miaka mitano: 122. Karibu nusu, pua fupi. Bulldog wa Kiingereza peke yao 25.

Watu hudhani kule chini ni friji. Siyo. Pale wanapowekwa wanyama mgandamizo wa hewa ni uleule wa abiria, na hupashwa joto. Hatari kubwa iko ardhini: kasha limewekwa kwenye lami, linangoja gari la mizigo. Desemba, uwanja wa Moi, Mombasa. Saa tatu asubuhi tu jua limeshakasirika. Ile lami naijua.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mama kwenye simu. Sijamaliza hata shikamoo.

"Ni kweli waja na mbwa?"

Mjomba Ali tu huyo, hana siri. Nikamwambia mbwa si wangu, atakaa Casuarina, kwenye nyumba ya Signora, kwetu hafiki.

"Na ndani ya ndege? Akikulamba?"

Nitaosha kama nifanyavyo huku, Mama. Mara saba, moja kwa udongo.

Akanyamaza. Kisha: kavu kwa kavu hainajisi, mwanangu, lakini mate ni mate. Halafu akataka kujua huyo mbwa anakula nini, maana Malindi hakuna chakula cha makopo cha kuaminika. Mama yangu huyo. Anakataa na papo hapo anapika.

Udongo ninao, kwenye bakuli, roshani kwa Signora, kando ya mrehani wake. Aliniwekea mwenyewe, mwaka wa kwanza, baada ya kuniona nimeshuka ngazi mbio mpaka bustanini na mkono nimeunyoosha mbele. Hakucheka. Aliuliza, nikamweleza, kesho yake bakuli lipo.

Ndani ya ndege hakuna udongo. Abiria Mwislamu wa kwetu akilambwa na mbwa wa jirani kule angani, ataswali vipi? Katika maneno yote niliyosoma juu ya mbwa na ndege sijaona aliyemfikiria. Na jibu si kumfukuza mbwa. Jibu ni mkoba ufungwe, ubaki umefungwa mpaka mlango wa ndege ufunguliwe. Sheria za mashirika zinasema hivyo tayari. Anayezisimamia ndiye hayupo. Mara ngapi nimewaona wenye mbwa wanafungua zipu kabla taa ya mikanda haijazimwa, mbwa kichwa nje, na mhudumu anapita akitabasamu.

Jumapili, 12 Oktoba

Mwanangu Salim alikuja nami kwa Signora kuchukua funguo. Hata kiti hakukalia. Amerudi macho mekundu, na usiku huu kifua kinalia kama filimbi. Pampu mara mbili. Sasa amelala, nimemwinulia mito.

Anampenda Bruno. Alisimama mlangoni akamwita, akaficha mikono mfukoni asimguse. Miaka tisa, tayari anajua kuficha mikono.

Basi mimi ni nani katika hili? Mtu wa Bruno au mama wa Salim? Tarehe 20 Desemba ndege moja, wote wawili.

Wanasifu vichujio vya ndege, HEPA, vinanasa asilimia 99.97 ya vumbi lile jembamba. Sawa. Lakini kichujio husafisha hewa iliyokifikia. Kilichoganda kwenye kitambaa cha kiti hakikioni. Daktari wake alishanifundisha: kinachomdhuru si unywele, ni protini za mate na ngozi ya mbwa, zinanata kwenye nguo, zinasafiri na mtu. Zimekutwa kwenye madarasa ambayo mbwa hajawahi kuyakanyaga. Ndiyo maana kila jioni navua koti na gauni hapo mlangoni kabla hajanirukia.

Kwa hiyo hata ndege isiyo na mbwa, Salim hajasalimika. Wanaosema mkipiga mbwa marufuku mwenye pumu atapumua, hawajalala chumba kimoja na mwenye pumu.

Lakini wale wengine nao, wanaosema "mzio, si mnywe kidonge tu". Hao nikiwasikia mikono yangu inatetemeka.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mzigo.

Mahakama ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg, jana. Mbwa ni mzigo. Imeandikwa kwenye gazeti la Signora, ukurasa wa ndani, na picha ya kasha.

Kesi yenyewe: Oktoba 2019, mama na binti wanatoka Buenos Aires kwenda Barcelona. Mbwa wao mkubwa, hakuruhusiwa juu. Wakamkabidhi ndani ya kasha. Akipelekwa kwenye ndege akachomoka, akakimbia, hakuonekana tena. Binti akadai euro 5,000 kwa uchungu. Shirika likakubali kosa, likasema litalipa kiwango cha sanduku tu. Mahakama imesema Mkataba wa Montreal wa 1999 unajua watu, mizigo na shehena, na mbwa si mtu. Anayetaka kulipwa zaidi ya kiwango atangaze thamani mapema, wakati wa kukabidhi, na shirika likubali. Yule binti hakutangaza.

Sheria nimeielewa. Majaji wamesoma kilichoandikwa, na hata wamesema hali njema ya mnyama lazima iangaliwe njiani. Ninachokataa ni kilichoandikwa. Sanduku halishikwi na hofu. Sanduku halikimbii likitafuta sauti ya mwenyewe. Kama kitu kinaweza kukuogopa na kukutoroka, hukustahili kukipokea kwa stakabadhi ya begi.

Nimemsomea Signora mpaka mwisho. Akasema, marehemu mume wangu alisafirisha vyombo vya San Marco, mradi wa roketi wa Italia, kwenda Ngomeni, kila kasha lilikuwa na mtu wake wa kulisindikiza, na mle ndani mlikuwa na chuma. Kisha akamfuta Bruno macho kwa pamba, kama kila siku.

Jumatano, 22 Oktoba

Leo tarehe ileile aliyopotea yule mbwa wa Buenos Aires. Miaka sita. Nimelikumbuka nikiwa kwenye tramu na likaninyima raha mpaka jioni.

Salim hajambo, alhamdulillah.

Jumamosi, 25 Oktoba

Furaha, halafu si furaha.

Signora ameweka makaratasi kwenye bati la biskuti, na leo ametoa kipande alichokata mwezi Mei. ENAC, wakubwa wa anga hapa Italia, tarehe 12 Mei walipitisha kanuni mpya: mbwa mkubwa anaweza kukaa na abiria, kasha lake liwe juu ya kiti, lifungwe kwa mkanda, uzito wa kasha na mbwa usizidi wa mtu mzima wa wastani. Septemba wakarusha ndege ya kwanza ya namna hiyo, Linate kwenda Roma. Nilikuwa nimesikia redioni nikadhani ni mambo ya waziri kujipigia debe kwa wapenda mbwa. Leo nimesoma kila neno.

Simu tena. Ndiyo, kanuni ipo. Inaruhusu, hailazimishi. Kila shirika na uamuzi wake, na hili letu halijaamua. Kwa Desemba, hapana.

Lakini wazo lenyewe limenikaa. Nimelizungusha siku nzima, nikikata vitunguu, nikimwogesha Signora. Mbwa mwenye kiti ana tiketi. Tiketi ina namba. Namba inajulikana siku nyingi kabla. Basi mama wa Salim akinunua tiketi anaweza kuambiwa: safu ya 27 dirishani kuna mbwa, wewe tutakuweka ya 6. Huyu wa chini ya kiti, wa kilo 7, ambaye kila mtu anashangilia kwamba ni mdogo, ndiye anayenitia hofu, kwa sababu namgundua tumeshakaa, mlango umeshafungwa, na mwanangu ana saa nane za kukaa hapo. Mdogo au mkubwa, mate ni yaleyale.

Kanada walishaliona. Mwaka 2012 mamlaka yao ya usafiri iliamuru safu tano kati ya mwenye mzio wa paka na paka aliyebebwa ndani ya ndege. Paka, lakini hesabu ni ileile. Inawezekana. Ni kazi ya kupanga viti tu, na kupanga viti ndiyo kazi yao ya kila siku.

Mimi sasa najua ninapotaka kusimama. Mbwa apande juu. Apande kwa kiti chake, kwa jina lake, hadharani.

Alhamisi, 30 Oktoba

Kwa daktari wa mifugo, damu ya Bruno. Hata kama haendi, Signora amesema tufanye, siku moja wataruhusu.

Daktari alieleza vizuri. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Ulaya inaziamini kwa kichaa cha mbwa, kwa hiyo shida si kwenda, ni kurudi. Chanjo, kisha siku 30 zipite, kisha damu ipimwe kinga, isipungue 0.5. Ukipima ukiwa bado huku na ikaandikwa kwenye pasipoti yake, unarudi naye wakati wowote. Ukisahau ukaenda kupima kulekule, unangoja miezi mitatu tangu damu itolewe. Wangapi wamekwama Watamu na Diani na mbwa wao kwa sababu ya ukurasa mmoja wa pasipoti!

Na hili naliunga mkono, lote. Kwetu kichaa cha mbwa si hadithi. Nilipokuwa mdogo Shela tulimzika mtoto wa jirani. Anayelalamikia sindano hiyo simsikilizi.

Bruno hakulia. Signora ndiye aliyegeuza uso.

Jumanne, 4 Novemba

Kwenye ngazi nimekutana na mzee wa ghorofa ya pili, yule aliyekuwa mhudumu wa ndege ujana wake wote. Yeye anapinga. Anapinga kwa adabu na kwa hoja, ndiyo maana nimekuja nayo nyumbani.

Ndege, anasema, hupasishwa kwa sharti kwamba watu wote watoke ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Sasa niambie, mwenye mbwa wa kilo 30 atatoka mikono mitupu? Akanikumbusha Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024. Ndege inawaka moto, watu 379, wote wametoka hai. Wametoka kwa sababu waliacha kila kitu. Wanyama wawili waliokuwa sehemu ya mizigo walibaki. Wangekuwa juu, anasema, kuna ambaye angegeuka kumfungua, na nyuma yake njia imejaa.

Sikuwa na neno. Baadaye nikasoma kwamba kuna shirika hukohuko Japani, StarFlyer, linaloruhusu mbwa kukaa kiti cha pembeni mwa mwenyewe, na sharti lake ni kukubali kwamba hatari ikitokea mnyama anabaki. Unakubali kabla ya kupanda.

Nikamwuliza Signora kama angeweka saini.

Alikaa muda mrefu. Ningeweka, akasema, kwa sababu yako na mtoto. Kisha akasema hajui mikono yake ingefanya nini.

Hapo mzee wa ghorofa ya pili ana haki. Sitaki kumpita. Lakini huku chini mbwa wanakufa kwenye ndege ambazo hazikuwaka moto wowote. Hilo ndilo jibu langu kwake nikimwona tena.

Jumapili, 16 Novemba

Mpwa wake Signora amekuja kula, na suluhisho mfukoni: mpeleke kama shehena, kwa wakala, kwa kupitia njia nyingine, kuna mashirika yanayokubali. Anaongea haraka, anatia jibini.

Nikamsimulia habari ya Joca. Brazil, Aprili 2024. Mbwa wa miaka mitano, mwenyewe anahamia Sinop. Wakampakia ndege ya Fortaleza kwa makosa, upande mwingine kabisa wa nchi. Wakamrudisha São Paulo. Alipofika alikuwa amekufa. Safari ya saa mbili na nusu ikawa karibu saa nane, ndani ya kasha, bila yule anayemjua.

Na huyo hakuwa pua fupi.

Na juu nako, bila mpango, si salama. Machi 2018, Marekani, mtoto wa bulldog wa Kifaransa, aina hii hii ya Bruno, mhudumu aliagiza mkoba wake uwekwe kwenye kabati la juu la mizigo. Houston mpaka New York. Hakufika hai. Mkoba ule ulilipiwa, ulikuwa na haki ya kuwa chini ya kiti. Ndiyo maana sisemi tu "waruhusiwe". Kuruhusu bila kumfundisha mhudumu ni kumweka mbwa mikononi mwa asiyejua ameshika nini.

Mpwa akaacha kutia jibini.

Jumatano, 26 Novemba

Imeamuliwa. Bruno Roma, kwa dadake Signora, mpaka Machi. Nimempeleka mwenyewe, kwa treni, nimerudi usiku huu.

Nataka kuandika ya treni kabla sijalala. Ana tiketi yake. Kamba, kifunga mdomo, cheti. Amelala miguuni kwangu, pua kwenye kiatu. Pale Bologna akaingia mama mmoja, akamwona, akasita: samahani, mie nina mzio. Nikasimama mara moja kumpisha. Akaja msimamizi, akatazama karatasi zake, akampeleka behewa la tatu. Dakika mbili. Hakuna aliyefoka, hakuna aliyedharauliwa. Yule mama akanipungia mkono.

Najua angani hakuna behewa la tatu. Ndiyo maana hayo yafanywe kabla, siku ya kukata tiketi.

Signora hakuja stesheni. Amempa blanketi lake la kijani.

Alhamisi, 4 Desemba

Barua kwa shirika la ndege. Nimeiandika kwa Kiitalia, Signora akasahihisha, tukatia saini wote wawili. Ninayoyadai, niyaweke na hapa nisije nikayapunguza baadaye:

Kanuni ya Mei ipo, itumieni mpaka Mombasa. Mbwa asiyeingia chini ya kiti auziwe kiti. Tupo tayari kulipa.

Abiria aulizwe pale pale anapokata tiketi: una mzio, una pumu? Akijibu ndiyo, aambiwe mbwa yuko safu gani, apewe umbali, na asilipishwe kwa kuhamishwa.

Mkoba au kasha lisifunguliwe angani. Na mhudumu apewe nguvu ya kulisema hilo.

Mwenye mbwa atie saini ya kumwacha ikitokea hatari. Ngumu, lakini atie.

Na kwa wale wanaobaki chini, msiwapokee kama masanduku. Mtu mmoja, mwenye jina, awajibike kwa kila kasha kutoka kaunta mpaka ndege, na kutoka ndege mpaka mikono ya mwenyewe. Wasikae juani hata dakika moja isiyo ya lazima.

Salim alisoma juu ya bega langu. Akaniambia niongeze kwamba yeye mwenye pumu amekubali. Nikaongeza, kwa maneno yake.

Imetoka leo kwa rejista, nakala ENAC. Wakikaa kimya, Machi tukirudi naandika tena.